Kuku Mmoja kwa Watu Wanane

Wapendwa akina mama, na ninyi pia akina baba msomao ukurasa huu kwa kujificha,

Baba mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, ametuletea barua. Asema bibi yake alihudhuria mafundisho ya akina mama katika parokia, akarudi nyumbani na njia mpya ya kupika kuku. Dominika baada ya Misa, baba huyo aliketi mezani pamoja na mdogo wake na rafiki mmoja wa kazini. Bibi akaleta ugali, kisha akaleta sahani moja kubwa. Ndani yake paja halikuonekana, kidari hakikuonekana, firigisi haikuonekana. Vilionekana vipande vidogo tu, vyembamba kama kidole cha mtoto, vimechanganyika na karoti na kabichi. Baba aandika hivi: «Nilitoa fedha ya kuku mzima, nikaletewa kuku aliyepotea. Je, mama, ninyi mwawafundisha wake zetu kutudharau mbele ya wageni?»

Sikuicheka barua hiyo. Baba huyu hasemi habari ya chakula tu, asema habari ya heshima yake, naye astahili jibu la heshima. Basi leo nitaeleza mambo mawili pamoja: namna ya kumpika kuku huyo aliyepotea, na sababu ya kumpoteza.

Kila mmoja wetu ajua jinsi kuku agawanywavyo katika jamaa nyingi. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Kwa Waluba wa Kasai jambo hili si mchezo hata kidogo: mke atakayeila firigisi ya bwana wake ametenda kosa zito, wala halisahauliwi upesi. Paja ni la mgeni. Kidari huwaendea wakubwa. Watoto wadogo hupewa shingo, ncha za mbawa na miguu, nao hufurahi, maana mfupa huchukua muda mrefu kunyonywa. Na mama? Mama huchovya tonge lake katika mchuzi uliobaki. Kwa jirani zetu Waganda, desturi ya zamani ilimkataza mwanamke kuku na mayai kabisa, ingawa yeye ndiye aliyempika kuku huyo. Hata kwetu makatazo ya namna hiyo yalikuwako mahali pengi. Bibi mzaa mama yangu alifuga kuku maisha yake yote, wala sikumwona akila kuku hata mara moja. Nilipokuwa mtoto nilidhani hampendi. Siku moja nikamwuliza. Akajibu, «Mjukuu wangu, ulimi hauwezi kupenda usichokijua.»

Msifikiri kwamba wazee wetu walikuwa wachoyo. Walijua vema kwamba kuku hagawanyiki sawasawa. Ana mapaja mawili tu, firigisi moja tu, na wanaotazama chungu ni kumi. Kama kila mtu angechagua apendacho, pangekuwa ugomvi kila sikukuu. Basi waliweka utaratibu, na utaratibu ule ulileta amani. Ubaya wake ni mmoja tu: kila utaratibu una mtu wa mwisho, na mtu wa mwisho katika chungu cha kuku ni yule mtoto aliyeachishwa ziwa jana, ambaye meno yake hayawezi kutafuna shingo.

Hapo ndipo moyo wangu unapouma, na akina mama wa Bushi wajua kwa nini. Ugonjwa uitwao bwaki hauhitaji kuelezwa katika Kivu. Miguu ya mtoto huvimba, nywele zake hupoteza weusi na kuwa nyekundu, ngozi hubambuka, naye huketi pembeni bila kucheza, hataki hata kuchekeshwa. Ni ugonjwa ule ule ambao mganga wa Kiingereza, Cicely Williams, aliueleza mwaka 1933 huko Gold Coast, nchi iitwayo Ghana leo, akautaja kwa jina la Kiga, kwashiorkor. Na jina hilo lamhusu mtoto aliyeondolewa mahali pake na mdogo wake aliyezaliwa. Watu wa pwani ya Ghana waliona jambo lile lile tulionalo sisi milimani. Katika miaka ya 1950 na 1960 waganga wa IRSAC, chuo cha uchunguzi kilichoanzishwa mwaka 1947 na kujengwa Lwiro, kaskazini ya Bukavu, waliuchunguza sana ugonjwa huu. Leo bado haujakwisha. Waganga wa siku hizi wasema sababu zake ni nyingi, kama vile kuhara na magonjwa mengine, wala si ukosefu wa nyama peke yake. Lakini tumbo lishibalo ugali wa muhogo siku zote, bila nyama, bila samaki, bila mayai wala maharagwe, limeufungulia mlango mpana.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Kuku wetu wa kijijini, akiisha kunyonyolewa na kutolewa matumbo, hupata kilo moja hivi. Ukitoa mifupa, hubaki nyama ya nusu kilo. Ugawanye kwa watu wanane: kila mmoja apata gramu 60. Utasema ni kidogo mno. Lakini katika gramu 60 za nyama mbichi ya kuku mna gramu 12 hivi za protini, yaani kile kijengacho mwili, na mtoto wa miaka 1 hadi 3 ahitaji gramu 13 hivi kwa siku nzima. Fungu la mtu mmoja, dogo hivyo, karibu latosha siku ya mtoto! Mchuzi mtupu hauna nguvu hiyo, hata ukinukia namna gani. Nguvu imo katika nyama, na nyama ikikatwa ndogo, yaweza kuhesabiwa, yaweza kutafunwa, yaweza kumfikia yule wa mwisho.

Njia hii ya kupika haikuzaliwa kwetu, wala haikuzaliwa Ulaya. Ni ya Wachina. Wao hukata nyama na mboga vipande vidogo kabla ya kuwasha moto, kisha hukaanga upesi katika kikaango cha chuma kilicho kipana na chenye tumbo la mviringo, huku wakigeuza bila kupumzika. Kazi yote iko katika kisu. Moto hufanya kazi dakika chache tu. Twaweza kuichukua njia hiyo bila kununua kitu chochote cha kigeni.

Kwa watu wanane tayarisheni hivi: kuku mmoja; karoti nne; kabichi nusu, ile muiitayo shu sokoni; vitunguu vikubwa viwili; vitunguu vya majani viwili, yaani puaro; pilipili kubwa tamu moja, ile isiyochoma; fungu dogo la lengalenga; kipande cha tangawizi chenye urefu wa kidole gumba; punje tatu za kitunguu saumu; ndimu moja; mafuta ya karanga au ya alizeti vijiko vinne; unga wa muhogo uliochekechwa sana kijiko kimoja; na chumvi. Najua mikono yenu yatafuta nyanya. Ziacheni leo. Nyanya hutoa maji mengi, nayo nyama ikiogelea majini haikaangiki tena, yatokota tu, nanyi mtakuwa mmepika mchuzi wa kila siku kwa taabu zaidi.

Kwanza mboga, halafu nyama: utaratibu huu msiugeuze. Mkikata kuku kwanza, kisha mkakata kabichi juu ya ubao ule ule, mmeipaka kabichi vijidudu vya nyama mbichi, nayo kabichi haitakaa motoni muda mrefu. Basi osheni mboga, zikateni zote, ziwekeni katika bakuli mbalimbali. Karoti zikatwe vijiti vyembamba, maana ndizo ngumu. Kabichi ikatwe nyuzi pana kama kidole. Lengalenga zichambuliwe, mabua magumu yaondolewe.

Sasa kuku. Wengi wetu tumezoea kumwosha kwa maji mengi katika beseni. Wenye elimu ya chakula wa siku hizi watuonya tuiache desturi hiyo, kwa sababu maji yarukayo hueneza vijidudu juu ya meza, vyombo na mboga. Moto ndio uuao vijidudu, si maji. Mfuteni kwa kitambaa safi mpaka akauke, kisha kitambaa hicho kichemshwe. Kuku mwenye maji hatakaangika vizuri.

Toeni nyama katika mifupa. Yahitaji uvumilivu mara ya kwanza; mara ya tatu mkono wajua njia. Tazameni nyama ya kidari: ina nyuzi zielekeazo upande mmoja. Kisu kipite kwa kuzikatiza nyuzi hizo, kisizifuate. Nyama iliyokatwa kwa kufuata nyuzi huwa kama kamba mdomoni. Iliyokatizwa huwa laini, hata mtoto aweza kuitafuna. Firigisi, ikiisha kufunguliwa na kusafishwa, ikatwe nyembamba sana kuliko nyama nyingine, maana ni ngumu. (Habari ya firigisi tutairudia, baba, usiogope.) Changanyeni nyama yote na chumvi, nusu ya tangawizi iliyopondwa, maji ya nusu ndimu, na kile kijiko cha unga wa muhogo. Unga huo huifunika nyama isikauke motoni, tena mwishoni huufanya mchuzi mdogo uwe mzito kidogo. Iacheni robo saa. Wakati huo osheni ubao, kisu na mikono kwa sabuni.

Hapa lazima niseme kweli juu ya kuku wenyewe. Kuku mchanga wa kijijini, au kuku wa barafu aletwaye kutoka ng'ambo, hukaangika kama nilivyosema. Lakini jike mzee aliyetaga miaka mitatu hatakubali. Mkimkaanga mtapata mpira wa kuchezea watoto. Huyo achemshwe kwanza kwa maji machache na tangawizi, saa moja au zaidi, mpaka nyama iachane na mifupa. Ndipo mnyofoe nyama na kuikaanga dakika mbili tu pamoja na mboga. Na huyo wa barafu ana hatari yake. Umeme wetu hukatika, barafu huyeyuka, umeme hurudi, kuku hugandishwa tena, na mnunuzi hajui. Mkiona barafu nyekundu imeganda chini ya mfuko kama damu iliyomwagika, au mkisikia harufu, mwacheni dukani. Wala msimyeyushe juani: awekwe mahali pa baridi, ndani ya chombo chenye kifuniko, naye apikwe siku ile ile.

Moto sasa. Pikeni ugali kwanza, mkauweke kando umefunikwa, kwa kuwa chakula hiki hakingoji. Makala ya babula yawe mekundu yote, yasiwe na moshi, na mlango uwe wazi, maana hewa ya makala yaweza kuua katika nyumba iliyofungwa. Wekeni kikaango kikavu juu ya moto mpaka tone la maji likianguka lirukeruke. Ndipo mtie mafuta vijiko viwili, na mara moja nusu ya nyama. Nusu tu! Kosa la wapishi wote wapya ni kujaza kikaango. Kikijaa, joto hushuka, nyama hutoa maji, na kazi yote imeharibika. Geuzeni bila kuacha, dakika nne au tano, mpaka pasionekane wekundu ndani ya kipande kikubwa kuliko vyote. Kateni kimoja mkatazame. Itoeni katika sahani safi, si katika bakuli iliyoshika nyama mbichi. Fanyeni vivyo hivyo kwa nusu ya pili.

Tieni mafuta yaliyobaki, kisha vitunguu vikubwa, kitunguu saumu na tangawizi. Vikinukia, tieni karoti, dakika tatu. Halafu kabichi, pilipili tamu na puaro, dakika mbili. Mkiona vyataka kuungua, nyunyizeni maji kidogo, kisha geuzeni. Sasa lengalenga, hizo hulala zenyewe mara moja. Rudisheni nyama, tieni maji ya ndimu iliyobaki na robo kikombe cha maji, geuzeni mpaka unga ushikamane na kila kitu kama utomvu mwembamba. Ondoeni motoni. Karoti yafaa iwe bado na ugumu kidogo ndani. Isiwe kama ile ya mgonjwa. Mwenye mawese mazuri mekundu atie kijiko kimoja hapo mwisho, moto ukiisha kupungua. Wekundu ule ndio ufaao macho ya watoto, nao huharibika mafuta yakichemshwa sana mpaka yawe meupe. Pilipili kali iwekwe pembeni kwa wakubwa.

Tangu mafuta ya kwanza mpaka mwisho, robo saa na zaidi kidogo. Mchuzi wa kuku ungekaa motoni saa nzima na zaidi. Mama ambaye hununua makala kwa kopo kila jioni ataona tofauti hiyo kabla ya mwezi kwisha. Na makala hayo, mwajua hutoka wapi: sehemu yake hukatwa katika msitu wa Kahuzi-Biega, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970, ambao kila gunia laupunguza.

Sasa namrudia baba wa Kadutu.

Baba mpendwa, hukudharauliwa. Bibi yako alikaa saa nzima na kisu ili kuku wako awatoshe watu wote waliokuwa chini ya dari yako, na kazi hiyo ni kubwa kuliko kumtupa kuku katika chungu na kumwacha achemke. Hata hivyo nakubali kwamba alikosa jambo moja: hakukuambia kabla. Mwanamume hafai kushangazwa mbele ya wageni wake. Hilo nimemwambia yeye mwenyewe, naye amekubali. Ikiwa wageni wa heshima waja, hasa wazee wa ukoo, na firigisi isipoonekana maneno yatazaliwa, basi firigisi ikaangwe nzima, iwekwe juu ya sahani yako, watu wote waione. Kipande kimoja hakitamwua mtu njaa. Upewe maji ya kunawa wa kwanza, upakuliwe wa kwanza, usaliwe kiti chako. Heshima ina njia nyingi za kupita. Si lazima ipite katika paja la kuku. Dominika ile ile, saa moja kabla ya chakula chako, ulimwona Padri akiumega Mwili wa Bwana altareni. Je, ulimsikia akiuliza nani apewe kipande kikubwa?

Nakuomba jambo moja, nalo si gumu. Uchukue kijiko mwenyewe, umpakulie mtoto wako mdogo kuliko wote vijiko viwili vya nyama, katika sahani yake peke yake. Asile katika sahani moja na kaka zake, kwa sababu mikono yao ni mepesi kuliko yake, na mama hawezi kuona kila kitu. Akiwa na umri chini ya mwaka na nusu, nyama yake ipondwe au ikatwe tena mara mbili, asije akapaliwa. Akiwa bado ananyonya, aendelee kunyonya. Nyama huongezwa juu ya maziwa ya mama, haichukui nafasi yake. Mtoto akiona baba mwenyewe amempakulia, hakuna shangazi wala jirani atakayethubutu kusema kwamba nyama humfanya mtoto kuwa mwizi. Neno hilo mmelisikia, nami nimelisikia. Ni uongo. Mtoto huiba kwa njaa, si kwa kuonja.

Bibi yake namfahamu. Nilimkuta mbele ya kanisa baada ya barua ile, nikamwuliza kama yeye naye alikula siku ya kuku aliyepotea. Alifikiri kidogo, kisha akasema, «Nilikula. Nilipomaliza kuwapakulia wote nikatazama sahani, nikaona bado imo. Nilishtuka, mama.» Ana mimba ya miezi sita, naye ni mtu ahitajiye nyama kuliko rafiki wa kazini, ingawa sikutaka kuliandika hili katika jibu la bwana wake. Basi nimeliandika.

Mifupa msiitupe. Ivunjeni, ichemsheni jioni ile ile pamoja na shingo, miguu iliyobanduliwa ngozi, na mabua ya puaro. Maji hayo yatapikia maharagwe ya Jumatatu, na maharagwe ni nyama ya siku zisizo na nyama. Na wale wasioweza kununua kuku mwezi huu, wapike vivyo hivyo kwa sambaza, wale samaki wadogo walioletwa katika Ziwa Kivu kutoka Tanganyika miaka ya 1958 hadi 1960. Wakaangwe wakavu peke yao, watolewe, kisha warudishwe mwishoni juu ya mboga. Hao hawana firigisi ya kugombaniwa.

Juma lijalo tutasema habari ya mayai, na ya wale wanaowakataza watoto kuyala.